Zamu ya Kumpa Pindo Kidonge

Kijiwe chenyewe ni kiti cha lori. Kwa miaka kumi na tisa kilikaliwa na dereva mmoja, na lori lilipouzwa kama chuma chakavu dereva huyo aliking'oa kiti, akakipandisha juu ya matofali manne kwenye baraza ya fundi cherehani, akakikalia tena kana kwamba safari bado inaendelea. Watu humwita Breki, kwa sababu mdomo wake hauna. Pembeni yake hukaa Kinyozi, ambaye duka lake liko ng'ambo ya kichochoro na wateja wake wamezoea kumpigia mluzi. Wa tatu ni Redio, karani mstaafu wa posta, anayetoa habari kabla hajaulizwa. Mama Birika huwamiminia kahawa, akiwa amekaa juu ya kigoda na jiko lake la mkaa. Fundi mwenyewe hakai na wenzake. Yuko mlangoni nyuma ya cherehani, mguu kwenye pedali, sikio kijiweni. Hapo kila jambo huenda kwa zamu: kununua gazeti ni zamu, kufagia baraza ni zamu, kuleta mkaa wa Mama Birika ni zamu. Hakuna kinachoandikwa. Linasemwa, wote wanaitikia, basi limepita.

Alhamisi ile Fundi hakuwa ameshona hata mshono mmoja. Chini ya meza ya kukatia nguo kulikuwa na kikapu cha vipande vya vitambaa, na ndani yake alilala Pindo, paka wa mkewe, siku ya tatu bila kula. Tumbo lilikuwa limevimba, mgongo umebaki mifupa, manyoya yamesimama kama ya mswaki wa zamani. Alfajiri Fundi alipombadilishia vitambaa alikuta kinyesi cheusi kinachonata, na pembeni yake punje nyeupe mithili ya mchele. Aliziangalia kwa karibu, na moja ikajikunja. Ndipo alipompigia daktari wa mifugo, naye akasema atapita kabla ya saa sita.

Hakuwa na hofu ya paka peke yake. Mkewe alikuwa ameondoka miezi saba nyuma kwenda kumuuguza mama yake, na mama yule alikuwa amezikwa wiki iliyopita. Mkewe angerudi Jumamosi. Hawakujaliwa mtoto, ndugu zake wametawanyika, na sasa hata wa kumwita yeye mwanangu hakuwepo tena. Kila siku alipopiga simu, baada ya salamu alimuulizia paka. Wiki tatu nzima Fundi alikuwa anamjibu kwamba Pindo hajambo, na kila alipojibu hivyo alijichukia kidogo zaidi.

— Hajala tena? Breki aliuliza, akipuliza kahawa.

— Hajala. Maji anakunywa, halafu anayarudisha.

— Hata ule utumbo wa samaki niliomletea juzi?

— Hata huo.

— Basi hali ni mbaya, Breki alisema. Utumbo wangu hajawahi kuukataa. Nampa mbichi kabisa, una damu yake, unampa nguvu.

— Nguvu gani? Kinyozi aliuliza. Amekuwa kama hanga ya koti.

— Sasa mimi nimemlaumu nani? Nasema tu nilimletea.

Redio alikohoa. Kwake kikohozi kilikuwa kama ule mlio wa kabla ya taarifa ya habari, na wote wakajua hakizuiliki.

— Wale ni minyoo, alisema. Hilo halina mjadala. Swali ni wametoka wapi. Na mimi nimelifikiria tangu ulipotuonyesha zile punje, hata chai sikunywa vizuri. Fundi, usinielewe vibaya. Minyoo ile ni nyuzi zako.

Mguu wa Fundi ukakanyaga pedali bila yeye kutaka, na sindano ikashona hewa mara tatu.

— Nyuzi zangu zina nini?

— Paka analala kwenye vipande vya nguo. Anajilamba. Anameza uzi leo, anameza kesho. Tumboni kuna joto, kuna unyevu. Uzi ukikaa mahali pa namna hiyo mwezi mzima unafikiri utabaki uzi?

— Utabaki uzi, Mama Birika alisema.

— Mama, wewe mimina kahawa. Kuna mambo ya kisayansi hapa.

— Mimi nakubaliana nusu, Kinyozi alisema. Kinachogeuka si uzi. Ni nywele. Mimi nipo na nywele miaka ishirini na mbili, nazijua tabia zake. Nywele iliyokatwa haijui kama imekatwa, inaendelea kutafuta mahali pa kuota. Paka anajilamba manyoya yake mwenyewe, yanaingia tumboni, yanaota. Ndiyo maana minyoo wengine ni wembamba na wengine wanene. Inategemea aina ya nywele.

— Na wewe mwenye kipara ukimeza nywele itakuwaje? Breki aliuliza.

— Sizungumzi na wewe.

Siku nyingine Fundi angecheka. Kicheko cha mchana ndicho kilichomfanya aipende baraza yake, na kwa miezi saba hiyo ndicho kilichomshikilia asiingie ndani kwenye nyumba iliyonyamaza. Leo alisikia kila neno likiangukia kikapuni. Aliinama chini ya meza akamgusa Pindo kichwani. Paka alifungua jicho moja, akaliacha wazi kidogo, akalifumba.

— Nyote mmekosea, Breki alisema. Ninyi hamjasafiri. Minyoo ni abiria. Hawazaliwi ndani ya gari, wanapanda njiani. Mimi nimebeba kila kitu, saruji, mbuzi, vitanda, na nawaambieni hakuna abiria anayepanda gari linalotembea. Gari lazima lisimame. Sasa paka huyu amekuwa anasimama sana. Zamani alikuwa anakimbiza panya mpaka kule kwenye kisima. Tangu mama mwenye nyumba aondoke anakaa tu. Anawaza. Mnyama anayewaza ni kituo cha basi.

— Kwa hiyo dawa yake ni nini?

— Kumshtua. Tone moja la mafuta ya taa kwenye maziwa. Abiria wote wanashuka.

— Nikikuona na chupa ya mafuta ya taa karibu na yule mnyama, Mama Birika alisema, kahawa utakunywea kwenye kiganja.

— Mimi nimepanga kuleta ile poda ya viroboto, Redio alisema. Shemeji yangu anampaka mbwa wake, mbwa anang'aa. Maana Pindo ana viroboto, hilo nilishalitangaza hapa tangu zamani.

— Ulitangaza ukafanya nini?

— Kazi yangu ni kutangaza.

Kinyozi alikuwa anaangalia mnara wa simu juu ya paa la duka la vyakula, na uso wake ulikuwa umeingiwa na kitu.

— Mnara ule uliwekwa lini? aliuliza.

— Mwaka juzi, Redio alisema. Mwezi wa nane, siku ya Jumatano.

— Na panya walianza kuongezeka lini?

— Panya? Breki aliuliza. Tumetoka kwenye minyoo?

— Hatujatoka. Panya wanaona mnara, wanachanganyikiwa, wanakuwa wazito. Paka anamkamata panya aliyechanganyikiwa. Panya yule kichwani ana mawimbi. Mawimbi yanaingia tumboni mwa paka, yanakosa pa kwenda. Wimbi lina umbo gani? Chora wimbi hapo chini. Haya, sasa chora mnyoo.

Breki aliokota kijiti akachora vumbini, mstari mmoja wa kujipinda, kisha mwingine. Wote watatu wakaiinamia. Walikaa hivyo muda mrefu, watu wazima watatu wamefikia ugunduzi, na Fundi akiwatazama migongo alihisi kwa mara ya kwanza kwamba hawa rafiki zake anaowapenda hawatamsaidia kitu, leo wala siku nyingine.

Daktari alikuja kwa miguu, binti mrefu wa miaka thelathini hivi, buti za mpira zina matope, mkoba begani. Aliwasalimia wazee mmoja mmoja, wakaitikia, akaikanyaga michoro ya vumbini bila kujua ni ya nini. Fundi alimtoa Pindo akamlaza juu ya meza ya kukatia, kati ya chaki na mkasi. Daktari alivua mkoba begani. Aliminya tumbo polepole, akanyanyua mkia, akatenganisha manyoya ya shingoni kwa kucha. Kisha akamfunua mdomo kwa kidole gumba, na Fundi akaona ufizi uliokuwa mweupe kama bitana.

— Ana umri gani?

— Kumi na moja. Mke wangu alimpata akiwa bado hajafumbua macho.

— Mzee wangu, ana minyoo wa aina mbili, au zaidi. Hizi punje ulizoziona ni vipande vya tegu. Huyo anampata kwa kumeza kiroboto anapojilamba, au kwa kula panya. Lakini tegu si wa kumlaza hivi. Kinyesi cheusi na ufizi huu vinaniambia wapo wengine, wale wanaouma utumbo na kunyonya damu. Mayai yao yanatoka na kinyesi, yanaanguliwa mchangani, halafu yanamrudia kwa miguu na kwa kinywa. Anajisaidia wapi?

— Kuna sanduku la mchanga pale uani.

— Linasafishwa kila lini?

Fundi alimwangalia Breki, Breki akamwangalia Redio.

— Ni zamu, Redio alisema.

Daktari alisubiri kidogo aone kama kuna maelezo mengine, hakuona.

— Linatakiwa kusafishwa kila siku. Kinyesi kikikaa, ndiyo mnawalea. Chakula anakula nini?

— Utumbo wa samaki, Breki alisema, na safari hii sauti yake haikuwa na mwendo. Mbichi.

— Uchemshe, baba. Ukishindwa kuchemsha, usimpe. Na hao viroboto wapo tele shingoni. Mmempaka chochote?

— Nilikuwa nakaribia kuleta poda ya mbwa, Redio alisema.

— Umshukuru Mungu hukuifikisha. Nyingine za mbwa zinaua paka siku hiyohiyo. Paka ana yake, kwa uzito wake. Na mafuta ya taa, na majivu, na mambo yote ambayo najua mmeyajadili hapa, hapana.

Breki alikisukuma kikombe chake mbali.

— Na mikono? Mnamshika huyu, halafu mnashika vikombe?

Kinyozi aliweka mikono yake mifukoni.

Daktari alikuwa tayari anavuta dawa kwenye bomba la sindano, kichwa kimeinama, na swali lililofuata alilisema kama anavyoliuliza mara kumi kwa siku, bila uzito wowote.

— Haya. Mara ya mwisho alipewa dawa ya minyoo lini, na nani alimpa?

— Alipewa, Fundi alisema haraka. Hiyo ilipangwa. Mke wangu alimpa siku aliyoondoka, akaacha vidonge vitatu, kimoja kila baada ya miezi mitatu. Mimi Pindo hanikubali, ananing'ata, inataka mmoja amfunge na kitambaa mwingine atie kidonge. Kwa hiyo nikalileta kijiweni. Cha kwanza kilikuwa zamu ya Breki na Kinyozi. Cha pili zamu ya Redio.

— Sawa. Nani alimpa cha kwanza?

— Kinyozi, Breki alisema.

— Mimi? Kinyozi alisema. Wewe ndiye ulisema niachie mimi, hilo ni jambo la dakika moja.

— Nilisema. Halafu kesho yake nikakuona na plasta mkononi. Nikajua huyu kashamaliza, paka amemparura.

— Plasta ile ilikuwa ya wembe. Nilijikata.

— Sasa mimi ningejuaje?

— Ungeuliza.

— Na wewe ulidhani mimi nimempa kwa sababu gani?

— Kwa sababu ulisema.

Daktari aliinua macho.

— Na cha pili?

Redio alifungua kinywa, na kwa mara ya kwanza tangu Fundi amjue hakikutoka kitu mara moja.

— Mimi nilitangaza, alisema hatimaye. Nilisimama hapa, nikasema wazee, kidonge cha paka kimefika wakati wake. Nikamuona Mama Birika amemshika yule paka na kitambaa. Nikasema vizuri, taarifa imewafikia wahusika.

— Nilikuwa namfuta kahawa, Mama Birika alisema taratibu. Mlimmwagia.

Kila mtu alikuwa amemwona mwenzake akifanya. Fundi mwenyewe jioni nyingi aliuliza, mambo ya paka yako sawa? Wakamjibu kwa pamoja kwamba yako sawa, na hakuna aliyedanganya, maana kila mmoja alikuwa anamsemea mwingine.

Fundi alirudi kwenye cherehani. Kopo la vifungo lilikuwa mahali pake, kuume, karibu na gurudumu. Hakuhitaji kulifungua. Alilifungua. Juu kulikuwa na vifungo vyeupe vya mashati ya shule, chini yake vya suruali, na kati yake kipande cha karatasi ya fedha chenye vidonge vitatu, vyote vitatu. Kila siku kwa miezi saba alikuwa anakisukuma kando kwa kidole akitafuta kifungo. Alikiona kila siku. Hakuhesabu. Alijiambia hivyo ni vya zamu inayokuja.

Alikileta mezani akakiweka mbele ya daktari. Daktari alikitazama, akawatazama wazee, na Fundi alitamani awakaripie. Hakuwakaripia. Alimchoma Pindo sindano ya maji chini ya ngozi, akamvingirisha kwenye kitambaa cha kitenge kilichokatwa vibaya, akamlaza ndani ya kikapu.

— Nakwenda naye. Nitamwekea maji ya mshipa, dawa nitampa kidogo kidogo, maana wakifa wote kwa mpigo naye hana damu, hatahimili. Akiiona kesho asubuhi nitakupigia. Siwezi kukuahidi, mzee wangu. Angekuja mwezi mmoja nyuma ningekuahidi.

— Mke wangu anarudi Jumamosi, Fundi alisema.

Daktari aliitikia kwa kichwa kwamba amesikia, akabeba kikapu. Pindo hakulia. Zamani ukimbeba kikapuni mtaa mzima ungejua. Walimsindikiza kwa macho mpaka daktari alipokata kona ya duka la vyakula.

— Atapona, Breki alisema.

Fundi alifuta meza ya kukatia kwa kiganja.

— Mimi nitachukua zamu ya mchanga, Kinyozi alisema. Kuanzia leo. Nitasafisha mwenyewe.

— Mchanga wa nani? Fundi aliuliza.

Mama Birika aliinua birika ili awaongezee, ikatoka michirizi miwili na machicha. Akaiweka chini. Hapo ndipo simu ya Fundi ilipoita, ikitetemeka mezani kati ya chaki, na wote walijua ni nani kwa sababu huo ndio ulikuwa wakati wake.

— Mwambie tu yuko kwa daktari, Breki alinong'ona. Usiendelee zaidi.

— Mwambie tunamshughulikia, Redio alisema.

Tunamshughulikia. Fundi aliishika simu na kuwatazama, mmoja baada ya mwingine, akaona kwamba hata sasa walikuwa wanampa mahali pa kujificha, kwa upendo kabisa, na mahali penyewe ni palepale. Akakaa nyuma ya cherehani, akapokea.

— Fundi, mkewe alisema. Sauti yake ilikuwa imekauka kwa kulia kwa siku nyingi. Nimeshakata tiketi. Nimemaliza kugawa nguo za mama. Hapa hamna kitu tena, nataka kulala nyumbani na paka wangu miguuni. Pindo kala?

— Hajala, Fundi alisema. Siku ya tatu. Amechukuliwa na daktari, ana minyoo, damu imemwishia. Nimekudanganya wiki tatu.

Huko kwa mkewe mtu alikuwa anafagia, ufagio unakwenda na kurudi sakafuni.

— Vidonge je?

— Vipo.

— Vyote?

— Vyote vitatu.

— Kwenye kopo la vifungo?

— Kwenye kopo la vifungo. Tuliweka zamu. Nilidhani... Akaliacha neno hilo. Zamu ilikuwa yangu, mke wangu. Ilikuwa yangu peke yangu tangu mwanzo.

Mkewe hakupaza sauti. Alikuwa kama mtu anayejaribu kuona chumba kwa macho yaliyofumbwa, kila kitu kilipokuwa alipokiacha.

— Lile kopo si liko pale kuume kwako, karibu na gurudumu? aliuliza.

— Ndiyo.

— Unalifungua kila siku.

— Ndiyo.

— Sasa ulikuwa unaona nini?

Kijiweni hakuna aliyeinua uso. Breki alikuwa anaifuta ile michoro ya vumbini kwa soli ya kiatu, polepole, mpaka pakawa tambarare. Mama Birika alikusanya vikombe akavifunika kwa kitambaa. Fundi alibaki ameshika simu sikioni, na kwa kidole cha mkono mwingine alikuwa anasukuma vifungo huku na huku ndani ya kopo. Mkewe hakukata. Alimsikia akipumua, akingoja ajibiwe.